Mtoto wa Cheti cha Kwanza

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Karani wa ofisi ya usajili amenithibitishia leo asubuhi kwamba ulizaliwa mara mbili.

Nilimwomba arudie, akarudia. Akaniwekea vitabu viwili juu ya kaunta, akavifungua, akasema, "Chagua mwenyewe, mzee." Cha kwanza ni cha mwaka sitini na sita: mtoto kazaliwa nyumbani, baba ni Baba, mama ni Mama. Cha pili ni cha sitini na tisa: kazaliwa hospitali, mama ni Mama, na mahali pa baba pamepigwa mstari mmoja wa wino. Jina la mtoto ni lilelile kote kuwili, jina la Bibi, jina lako.

Unajua nilifuata nini pale. Baba Mdogo amenipa kazi ya kuandika nasaba ya ukoo kwa ajili ya mkutano wa Juni, akisema mimi nimelipwa maisha yangu yote kwa kuuliza watu mambo yasiyonihusu, basi kwa nini nisiulize na yanayonihusu. Upande wa Babu umekwisha. Upande wetu nilidhani ni kazi ya asubuhi moja: Baba, Mungu amrehemu, Mama, wewe na mimi.

Simu yako inaita haipokewi, nadhani una mzazi chumba cha kujifungulia, na mtandao wa huko kwenu unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Kwa hiyo naandika. Dereva wa basi la Jumatano ataiacha bahasha kwa mlinzi wa kituo chako cha afya.

Swali ni moja: cheti chako ni kipi? Huenda karani wa zamani alikosea, na hilo hutokea. Mimi mwenyewe niliwahi kumzika mbunge aliye hai kwenye ukurasa wa tatu, na kesho yake akaja ofisini kunisalimia.

Nijibu kabla mwezi haujaisha nifunge upande wetu.

Mdogo wako

*

11 Machi

Kitindamimba,

Marahaba. Cha kwanza ndicho changu. Ndicho nilichosomea, ndicho nilichoajiriwa nacho, ndicho nilichoolewa nacho. Hicho kingine achana nacho. Makarani wa zamani walikuwa wakiandika wanachokisikia, na wengi wao walikuwa hawasikii.

Mama hajambo hapa kwangu, ni miguu tu. Anauliza miwani yake uliyoipeleka kwa fundi mwaka jana imefika wapi. Bati la wodi linavuja juu ya kitanda cha nne; tukasogeza kitanda, likahamia juu ya cha tatu. Nadhani lina kisa nasi.

Wazazi wamenibandika jina jipya. Zamani nilikuwa Matroni, sasa naitwa Baba Yuko Wapi, kwa sababu mtu haondoki wodini kwangu mpaka jina la baba liingie kwenye fomu ya mtoto. Juzi nilimfuata mmoja mpaka kwenye mashine ya kusaga. Alikuwa amejibanza nyuma ya magunia, mweupe kwa unga mpaka kope. Nikamwambia aweke kidole gumba hapo hapo, na unga wake hivyohivyo.

Jambo moja. Habari za vyeti usimuulize Mama. Si kwa simu, si kwa kumtuma mtu. Amechoka.

Dada yako

*

22 Machi

Dada,

Shangazi amesema Baba hakuwepo mwaka sitini na tisa. Alikuwa machimboni ng'ambo ya mpaka, kwa mkataba wa miaka miwili.

Umenijibu cha kwanza ni chako, nami nilitaka kuishia hapo. Lakini siandiki jambo kwa chanzo kimoja, hata chanzo kikiwa wewe. Nimetafuta ile picha yenu ya darasa la kwanza. Nyuma yake mwalimu ameandika mwaka: sabini na sita. Uko mstari wa mbele, unacheka, na meno mawili ya juu hayapo. Kwa cheti cha kwanza ulikuwa unakaribia miaka kumi. Wewe ni mkunga, unajua kuliko mimi meno ya mtoto hung'oka lini. Kwa hiyo wewe ni mtoto wa sitini na tisa, na ule mstari wa wino haukuwa kosa la karani.

Simhukumu mtu. Nimefuata kanuni tunayoifuata gazetini: kilichothibitika kinaandikwa kimethibitika, kisichothibitika kinasemwa hakijathibitika. Kati yako na Mama nimechora mstari mzima. Kati yako na Baba nimeweka nukta nukta. Jana nimetuma rasimu kwenye kundi la ukoo ili watu wasahihishe penye kasoro.

Kwangu hakuna kinachobadilika. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni. Nimeona tu kwamba ukweli ulioandikwa kwa adabu haumdhuru mtu.

Mdogo wako

*

3 Aprili

Kitindamimba,

Mama hatoki nje tangu Jumapili.

Mke wa Baba Mdogo alifika na simu yake mkononi, amejipaka manukato kama anayekwenda harusini. Akamkuta Mama barazani, pale anapokaa kila siku kusalimiana na wajawazito wakingoja zamu. Kwa kuwa Mama hana miwani, akamsomea nasaba yako jina kwa jina. Mama alifurahi. Kila jina analiitikia, huyu alikuwa mcheshi, huyu alikuwa bahili, huyu alikufa na deni langu. Wakafika kwangu, akamwambia kati yangu na Baba kumewekwa nukta nukta. Mama akauliza zile nukta ni za nini.

"Ni mwanao huyo," akasema mke wa Baba Mdogo. "Bado anamtafuta baba wa dada yake."

Nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Wajawazito wote wakageuka kumtazama Mama, hata aliyekuwa anaguna. Mama ana miaka themanini na moja. Alijifunika kitambaa chake kichwani mpaka machoni, akaomba nimshike mkono aingie ndani. Kila asubuhi ananiuliza kama wale watu bado wapo nje. Nikimwambia ni wagonjwa tu, anasema na wagonjwa wana masikio. Na kweli wanayo. Mfamasia wetu ni mke wa binamu yako mwenye duka la mabango, naye yumo kwenye kundi.

Sasa nitakuambia, na usiongeze wala kupunguza.

Mtoto wa sitini na sita si mimi. Ni dada yetu. Alizaliwa nyumbani Baba akiwepo, akapewa jina la Bibi, akachukuliwa na surua kabla hajafikisha miaka miwili. Nilipozaliwa mimi nikapewa jina lake, kwa kuwa Baba hakutaka jina la mama yake lipotee. Baba aliondoka kwenda machimboni mwezi wa pili, mimi nikazaliwa wa tano. Karani wa hospitali alikataa kuandika jina la baba asiyemwona mbele yake. Akapiga mstari. Ndio huo mstari.

Baba aliporudi akasema atakwenda kurekebisha. Leo kesho, leo kesho, mpaka siku ya kuandikishwa shule. Mwalimu mkuu akakisoma cheti changu mbele ya foleni nzima, akakirudisha: "Huyu hana baba." Baba alikuwa amesimama hapo, amenishika mkono. Tulirudi nyumbani, akafungua sanduku, akatoa cheti cha marehemu. "Jina ni hilohilo," akasema. "Nani atadhurika?" Kesho yake nikapokewa.

Nilikuwa na miaka saba kasoro. Nimeapa kwa tarehe ya marehemu mara ngapi sijui, chuoni, kazini, kwenye leseni. Novemba hii nitastaafu kwa miaka yake. Na kila siku nawaandikia watoto wa watu vizazi vyao, nawafukuza baba zao mpaka mashineni, halafu najitia ukali. Unadhani ule ukali ulitoka wapi?

Nilikudanganya kwenye barua yangu kwa sababu ya haya, si kwa dharau. Ungeniuliza mara ya pili, wewe peke yako, ningekuambia. Hukuniuliza. Ulikwenda kutafuta meno yangu.

Dada yako

*

10 Aprili

Dada,

Shangazi amesema leo kwamba Baba alipoondoka tumbo la Mama lilikuwa limeshaonekana. Nikamuuliza kwa nini hakunieleza hivyo mwezi uliopita. Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha. "Uliniuliza mwaka, mwanangu, nikakupa mwaka," akasema. "Mwezi hukuuliza."

Nimefundisha vijana thelathini na zaidi kazi hii. Kitu cha kwanza ninachowaambia ni hicho: ukipewa mwaka, omba mwezi.

Rasimu nimeiondoa kwenye kundi na nimeandika kwamba nilikosea kuhusu Mama. Watu wawili wamejibu. Mmoja ameweka kidole gumba juu, sijui anakubali nini. Baba Mdogo amesema nukta haziondoki kwa maneno, alete ushahidi aliyeziweka.

Kisha nikaenda dukani kwa binamu, maana nilisikia ameshaichapa kwa ajili ya ukumbi wa Juni. Ameichapa kwenye turubai, upana wa ukuta. Na kwa vile imetoka vizuri, ameitundika nje ya duka kama sampuli ya kazi zake, inatazama barabara. Jina la Mama kubwa kama kibao cha benki, na nukta zile kila moja kama sahani. Watu wawili walikuwa wamesimama wanasoma. Mmoja anamwambia mwenzake, "Hawa jamaa wakweli, wameweka mpaka mambo ya chumbani." Nikaomba ngazi. Binamu akasema ngazi ni ya duka, kuna fundi wake atashusha baada ya chakula. Nikapanda kwenye kiti. Nilifungua kamba upande mmoja, turubai likanifunika, nikabaki humo ndani nasikia wanacheka. Sikuwa na haraka ya kutoka.

Kuna jingine, zito kuliko hilo. Nilipoomba nakala za vyeti vyote viwili, yule karani alifuata utaratibu wake: jina moja lenye vizazi viwili na kifo hakuna linapelekwa kwa msajili. Jalada limefunguliwa. Wito unakuja kwako, kwa sababu mwenye jina ni wewe. Nimeuliza matokeo yake. Wakiona umetumia cheti cha marehemu, taarifa inakwenda kwenye baraza la wauguzi, na leseni yako inaweza kusimamishwa. Nimelileta mimi hili mpaka mlangoni kwako.

Nimefikiria njia. Shangazi yuko tayari kusema kuna mtoto aliyekufa. Hakuna karatasi inayoonyesha ni yupi. Tukisema aliyekufa ni wa sitini na tisa, wewe unabaki na cheti chako cha siku zote, na leseni yako, na Novemba unastaafu kwa heshima. Mimi nitaapa. Kiapo changu kitakubalika, wananijua pale.

Naona haya kuyaandika haya, lakini nimeyafikiria na wewe ujue nimeyafikiria. Niambie.

Na uniambie kama Mama atakubali kuniona.

Mdogo wako

*

21 Aprili

Mwanangu,

Maneno haya ni yangu, mkono ni wa dada yako. Nimemwambia anisomee barua zako zote asiruke mstari. Alitaka kuruka ya turubai. Nikamwambia soma. Tulicheka kidogo, usikasirike.

Hilo unalotaka kuapa, hapana. Unataka kumzika aliye hai ili marehemu aendelee kwenda kazini. Limeshafanyika mara moja kwenye nyumba hii, na nilikuwepo.

Siku baba yako alipofungua sanduku nilikuwa nachambua mboga. Niliona anachokitoa. Nilikijua kwa mkunjo wake, maana nilikuwa nakikunjua mwenyewe wakati hamna mtu. Nikainamisha uso kwenye sufuria. Hakuniuliza nami sikumkataza. Jioni dada yako anacheza na daftari jipya, mimi namtazama, nashindwa kumwita kwa jina.

Hujawahi kuambiwa habari za mwenzenu kwa hiyo nitakuambia. Alitembea mapema. Aliogopa kuku. Alikuwa akimwita baba yako kwa jina lake la ukubwani, bila kusema baba, kwa kuwa alisikia wageni wanamwita hivyo, na baba yako alikuwa akiitika, "Naam, mkubwa wangu." Surua ilimkuta mwezi wa kwanza. Nilikuwa kwenye foleni ya dawa nimempakata, mama aliyenifuata nyuma ndiye aliyeniambia hapumui tena.

Tulimzika tukarudi. Hakuna aliyekwenda kumwandikisha kufa, si mimi si baba yako. Sasa unaniambia kwenye kitabu chao yu hai. Ana kazi, ana mume, anakaribia kustaafu.

Watu wakisema nilitoka nje ya ndoa, waseme. Nimeona haya, sitakuficha, nimejifungia ndani kama mwizi. Lakini haya yangu ya kweli si hiyo. Ni kwamba kila Novemba nilimpongeza dada yako kwa siku ya mwenzake, na wa tano ukifika nakaa kimya. Nimewanyang'anya wote wawili.

Nitakwenda mwenyewe kwa msajili. Nataka kumwandikisha mwanangu kifo chake.

Wewe njoo. Kukuona nitakuona.

Mama

Kitindamimba, hapa sasa ni mimi. Ile sentensi ya msajili niliandika kwanza, "Mama anafikiria kwenda kwa msajili." Akaniambia nisome nilichoandika. Nikasoma. Akasema, "Futa, andika nilivyosema." Nikamweleza maana yake kwangu: leseni, baraza, jina langu kituoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hatakwenda kama nikikataa, atakaa kimya kama alivyokaa.

Niliweka kalamu chini nikaenda wodini, nikazalisha mtoto wa kike, nikajaza fomu yake. Baba alikuwepo, hakuhitaji kufukuzwa. Niliporudi nikaandika alivyosema.

Sijawa jasiri. Mwandiko unauona. Mganga mkuu nimeshamweleza. Alivua miwani akaipangusa muda mrefu, akasema angalau hukuua mtu. Nikamwambia ndilo tatizo lenyewe, aliyekufa tumemwacha hai.

Dada yako

*

8 Mei

Dada,

Msajili amesema hawezi kukuahidi kitu.

Nimekaa naye jana. Ni mwanamke wa makamo, hana maneno mengi. Kifo cha zamani kinaweza kuandikishwa kwa kiapo cha mzazi na mashahidi wawili waliokuwepo mazikoni. Likishafanyika hilo, cheti cha sitini na sita kinafungwa, na wewe unaomba jina la baba liandikwe kwenye cha sitini na tisa. Lakini siku hiyohiyo barua itakwenda kwenye baraza la wauguzi, na ndani yake itaandikwa umejileta mwenyewe. Kama litakusaidia, hajui. Huko nyuma, amesema, baraza limewahi kumwacha mtu kazini na limewahi kumtoa. Tangu siku hiyo hadi watakapoamua, hutaruhusiwa kuzalisha. Nilimuuliza mara mbili, jibu ni hilohilo. Kama bado unataka kurudi nyuma, hakuna atakayekulaumu, na mimi wa mwisho.

Shahidi wa kwanza ni Shangazi. Wa pili nilihangaika naye, mpaka Shangazi akaniambia nimtazame aliyekaa mbele yangu kwenye kila kikao. Ni Baba Mdogo. Alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, ndiye aliyechimba. Nikaenda kwake. Nikamuuliza, kama alijua kuna mtoto aliyezikwa, kwa nini aliziacha zile nukta zikae, tena akadai ushahidi. Alitazama viatu vyake. Akasema alidhani Mama hataki yule mtoto atajwe, na mtu akishanyamaza miaka mingi hajui aanzie wapi. Mke wake alikuwa jikoni, vyombo vikaacha kugongana. Nikamwomba aje kuapa. Akasema atakuja, na kwamba atakuja peke yake.

Miwani ya Mama nimeichukua. Fundi alikuwa ameimaliza siku nyingi, sikwenda tu.

Nilitaka kuingia nanyi. Mama amemwambia dereva wa basi aniambie hapana. Neno ni lake na la wanawe wawili, na mimi nitakaa kwenye benchi la nje bila kumuuliza mtu chochote. Nimekubali. Nitawapokea kituo cha basi jioni ya kuamkia siku hiyo, mlale kwangu, chumba kimefagiliwa.

Mje na vyeti vyote viwili, leseni yako, na kitambulisho cha Mama. Ni Jumanne, tarehe kumi na tisa Mei, saa tatu asubuhi. Msingie kwa mlango wa mbele, foleni yake ni ya vizazi. Dirisha la vifo liko upande wa nyuma, na jina mtakaloitwa ni la mtoto.

Mdogo wako